Kopo Tupu, Mshumaa Mpya: Tunajibu Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zinanukia nta. Wasomaji wanataka kugeuza makopo, mikebe na ndoo chakavu za bati kuwa mishumaa yenye sura ya kikale, na matatizo mengi wanayoyaleta yana chanzo kimoja: kopo limehesabiwa kuwa chombo cha kumiminia tu. Kopo ni nusu ya mshumaa. Upana wake ndio unaochagua utambi, bati lake ndilo linalobeba joto, na mshono wake ndio unaoamua kama nta itabaki ndani au itaishia mezani.

SWALI: Shikamooni. Nimekusanya makopo ya kila aina: ya maziwa ya unga, ya majani ya chai, ya rangi ya ukuta, ya dawa ya kupuliza mbu, na moja refu la karatasi ngumu lenye kitako cha bati. Je, yote yanafaa? (Mkusanya Makopo)

JIBU: Marahaba. Yagawe mafungu mawili kabla hujagusa nta. Ya maziwa ya unga, ya chai, ya biskuti na ya vyakula vya kopo weka kando, hayo ndiyo yetu. La dawa ya kupuliza usilikate wala usilipashe moto, kwani hubaki na gesi ya msukumo hata likionekana tupu. La rangi, kama lile la viuatilifu au mafuta ya gari, hubaki na mabaki kwenye mishono ambayo sabuni haiyafikii, na mabaki hayo yakipata joto hutoa mvuke usiofaa kuvutwa. Na lile la karatasi ngumu ni karatasi, hata likiwa na kitako cha bati.

Kati ya yale mazuri, angalia umbo. Kopo linalofaa ni lile ambalo kina chake hakizidi mara moja na nusu ya upana wake. Likiwa refu na jembamba, moto ukishuka katikati hukosa hewa, huanza kuyumba na kutoa masizi, na ukingo wa juu huwa wa moto kiasi cha kuchoma vidole. Kama huna jingine ila refu, lijaze nusu tu ulikate juu, au lifanye taa ya matundu kama tunavyoeleza huko mbele.

Ukingo uliokatwa na kifungulio cha kawaida ni kiwembe. Ukandamize kwa koleo kuzunguka kopo zima, kisha pitisha tupa laini mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe.

Halafu jaribu uvujaji, tena kwa maji ya moto. Nta iliyoyeyuka ni nyepesi na hupenya kwenye tundu ambalo maji baridi hayapiti. Jaza maji ya moto, weka kopo juu ya gazeti kavu kwa saa moja, kisha kagua gazeti. Mikebe ya biskuti na ya chai ndiyo hudanganya sana hapa, maana mara nyingi kitako chake kimekunjwa tu na mtengenezaji hakukusudia kibebe kimiminika.

Mikebe ya zamani sana iliyopakwa rangi tunaipa tahadhari yake. Rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi; Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Mkebe wa namna hiyo usiupige msasa. Uweke uwe pambo, nta uitie katika kopo dogo litakaloingia ndani yake.

SWALI: Ndugu wahariri, nitajuaje kiasi cha nta bila kubahatisha? Mara ya kwanza ilinipungukia, mara ya pili ikabaki nusu sufuria.

JIBU: Maji yatakupa jibu. Mimina maji kwenye kopo mpaka sentimita 2 chini ya ukingo, kisha yapime kwa mililita. Zidisha hesabu hiyo kwa 0.9, utapata gramu za nta utakazohitaji, pamoja na ile ya kujazia mara ya pili. Kopo lenye upana wa sentimita 7.5 na kina cha sentimita 11 litachukua takriban mililita 400 mpaka alama hiyo, kwa hiyo andaa gramu 360. Kama unatia manukato, yahesabu ndani ya uzito huo: gramu 340 za nta na gramu 20 za manukato ni karibu asilimia 6, na kwa nta nyingi huo ni mwanzo mzuri. Ukipita asilimia 10 harufu haiongezeki sana, ila mafuta huanza kutoka jasho juu ya mshumaa na kuziba utambi.

Pima kwa mizani. Kikombe cha nta iliyokatwakatwa leo hakilingani na cha kesho.

Na kausha kopo barabara baada ya kupima. Tone moja la maji lililobaki kwenye mkunjo wa kitako likifikiwa na utambi litafanya moto utatarike na kurusha nta.

SWALI: Je, ninaweza kuweka nta ndani ya kopo lenyewe nikalibandika jikoni, badala ya kuchafua sufuria? (Sipendi Kuosha Vyombo)

JIBU: Juu ya moto moja kwa moja, hapana. Nta ya chini huyeyuka kwanza huku ya juu ikiwa bado ngumu; ile ya chini hutanuka, ikikosa pa kutokea hupasua ganda na kuruka juu ikiwa ya moto kabisa. Isitoshe, nta haichemki ikakuonya kama maji. Inakaa kimya tu huku joto likipanda, na parafini (nta itokanayo na petroli, si mafuta ya taa) ikifika maeneo ya nyuzi 200 za Selisiasi mvuke wake unaweza kushika moto.

Tumia maji. Weka sufuria yenye maji ya kina cha sentimita 4 au 5, tia ndani yake chombo cha nta kikiwa juu ya kipande cha bati au kijiwe bapa ili kisigusane na kitako cha sufuria. Maji hayapiti nyuzi 100, na nta haitapita hapo. Yakikauka kinga hiyo imekwisha, kwa hiyo ongeza kila yakipungua. Kopo la lita moja lililobanwa ukingo kwa koleo upande mmoja, liwe na mdomo wa kumiminia, lifanye la kuyeyushia siku zote. Halihitaji kuoshwa, na ugomvi wako na vyombo utakuwa umekwisha.

Weka mfuniko mpana wa sufuria karibu. Nta ikishika moto, funika na zima jiko. Usimwagie maji hata kidogo, kwani huzama chini ya nta, hugeuka mvuke papo hapo na kutawanya moto chumba kizima.

Viwango vya joto vya kukumbuka ni hivi. Nta laini ya soya huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 55 hivi, nta ya nyuki 62 hadi 64, na parafini hutegemea daraja lake. Ile ya kutia makoponi ni laini kuliko ya mishumaa ya kusimama yenyewe. Pasha mpaka nyuzi 75 au 80, tia manukato, koroga taratibu kwa dakika 2, kisha acha ipoe: soya imimine ikiwa kwenye 55 hadi 65, parafini na nta ya nyuki kwenye 70 hadi 75. Nta ya nyuki ikiwa peke yake koponi hupasuka na kuachana na bati. Ichanganye na mafuta ya nazi, sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya mafuta, kwa uzito.

SWALI: Mshumaa wangu unachimba shimo katikati kama kisima na kuacha nta nzima pembeni. Wa dada yangu, tulioutengeneza siku moja kwa nta ileile, unatoa moshi mweusi mpaka kopo limekuwa jeusi ndani. Tumekosea wapi? (Ndugu Wawili)

JIBU: Nyote wawili mna tambi zisizolingana na makopo yenu. Wako ni mwembamba kwa upana wa kopo lako, na wa dada yako ni mnene au ameuacha mrefu.

Utambi ni mrija. Unavuta nta iliyoyeyuka na kuipeleka kwenye moto, na kinachoungua hasa ni mvuke wa nta hiyo. Ukiwa mwembamba, moto ni mdogo na joto halifiki ukingoni. Ukiwa mnene, unaleta nta kuliko hewa inayoweza kuiunguza yote, na ile isiyoungua ndiyo masizi mnayoyaona.

Kwa kopo la mpaka sentimita 8 tumia utambi mmoja. Kati ya 8 na 10 tia miwili, na zaidi ya hapo mitatu, kila mmoja ukiwa mwembamba kuliko ule ambao ungetumia peke yake. Ipange isikaribiane na bati: miwili, iweke kila mmoja nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo.

Sasa jaribio lenyewe. Washa mshumaa uliokaa angalau siku mbili tangu kumiminwa, uache uwake saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana; kopo la 7.5 litawaka saa tatu. Kisha tazama. Dimbwi la nta linapaswa kufika, au kukaribia sana, ukingo, likiwa na kina cha milimita 6 hadi 13. Moto uwe umetulia, kimo chake kisizidi sentimita 2.5 hivi. Ukiona uyoga mweusi kichwani mwa utambi, shuka saizi moja. Ukiona moto unazama kwenye dimbwi, panda saizi moja.

Hapa ndipo wengi waliozoea glasi hujikwaa. Bati hupitisha joto haraka. Mwanzoni, kopo likiwa limejaa na la baridi, linainyang'anya nta ya pembeni joto lake, na utambi huonekana mdogo. Nta ikishuka nusu, moto unapasha bati lililo wazi juu, bati linashusha joto hilo pande zote, na nta ya pembeni inayeyuka yenyewe. Kwa hiyo ganda jembamba la nta lililobaki ukingoni mara ya kwanza lisikutie wasiwasi. Usibadilishe utambi mpaka umeuwasha mshumaa wa majaribio hadi karibu na chini. Utambi unaofika ukingoni kwa mbwembwe mara ya kwanza mara nyingi ndio unaolifanya kopo lisishikike mwishoni.

Shimo lililokwisha kuchimbika unaweza kuliokoa. Funika mdomo kwa karatasi ya alumini ukiacha tundu la sentimita 3 katikati, washa kwa saa moja au mbili ukiwa hapohapo, na nta ya pembeni italala sawa. Usiliguse kopo likiwa hivyo, maana joto lake hupanda kuliko kawaida.

Na mwambie dada apunguze utambi ubaki milimita 5 au 6 kila kabla ya kuwasha. Huenda tatizo lake likaishia hapo.

SWALI: Ninaweza kusuka utambi wangu mwenyewe?

JIBU: Unaweza, ukiwa na uzi wa pamba tupu. Choma ncha yake: pamba huacha jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua, uzi wenye plastiki hujikunja ukawa kidonge kigumu, na huo haufai.

Suka nyuzi tatu kwa kukaza sawasawa. Msuko una kazi yake: mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alipoanza kutumia utambi wa kusukwa, ncha ilianza kujipinda na kuungulia pembeni mwa moto, na watu wakapumzika kukata kata tambi kila mara kwa mkasi. Loweka msuko usiku mzima kwenye mililita 250 za maji ya vuguvugu yenye kijiko kikubwa 1 cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya boraksi (unga mweupe wa madini wa kufulia na kusafishia), mbali na watoto. Uning'inize ukauke kwa siku mbili kamili, kisha uchovye kwenye nta, uunyooshe, uache ugande. Utambi ambao haukulowekwa huungua upesi, na ukizimwa huendelea kufuka.

Ukinunua wenye waya katikati, hakikisha unajua ni waya gani. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye waya wa risasi mwaka 2003. Wa pamba tupu au wa karatasi unakuondolea shaka.

Ubandike kwenye kitako chake kidogo cha bati, na kitako hicho ukigandishe katikati ya kopo kwa gundi inayostahimili joto. Tone la nta halitoshi, kwa sababu litayeyuka mwishoni, utambi utaelea ukiwaka na kuegemea ubavu wa kopo.

SWALI: Nta ikiganda inaacha bonde kando ya utambi. Nikilijaza, siku ya pili kuna bonde jingine.

JIBU: Parafini ikiganda hunywea sana, na kwa kuwa bati huipoza kutokea nje, sehemu ya mwisho kuganda ni katikati. Ndiko inakonywea. Umejaza juu bila kufungua pango lililofichika chini, nalo limeporomoka.

Nta ikiwa imeshika ganda juu lakini bado laini ndani, chomeka kijiti mara tatu au nne kuzunguka utambi, kikishuka theluthi mbili za kina. Subiri ipoe kabisa, kisha mimina ile uliyoibakiza, ikiwa na joto la nyuzi 5 zaidi ya ulivyomimina mwanzo, mpaka usawa wa awali bila kuuzidi. Lipashe kopo kidogo kabla ya kumimina, liwe la vuguvugu mkononi, na uliweke mbali na upepo. Soya hunywea kidogo. Mara nyingi kikaushio cha nywele kikipitishwa juu kinatosha.

SWALI: Makopo yangu yanang'aa kama sarafu mpya. Nataka ile sura ya kutu, kana kwamba yametolewa ghalani, lakini nimeyaacha mvuani na hayashiki kutu. (Mpenda Vya Kale)

JIBU: Jaribu kwanza kwa sumaku. Isiponasa, kopo ni la alumini, na hilo halitashika kutu hata ulizike. Ikinasa ni chuma, ila kimefunikwa kwa utando mwembamba wa madini ya bati, na mara nyingi vanishi juu yake. Utando huo ndio unaokuzuia.

Piga msasa namba 80 upande wa nje mpaka mng'ao ufifie, ukikazania mbavu na kingo, mahali ambapo kutu ya kweli huanzia. Acha mabaka mengine bila kuyagusa, kwa sababu kutu iliyolingana pote huonekana bandia. Osha kwa sabuni uondoe mafuta ya vidole. Ziba mdomo wa kopo vizuri. Kutu ya ndani hula bati kutokea upande wa nta, na hiyo huitaki.

Nenda nje, vaa glavu na miwani. Puliza siki tupu kwanza, iache ikauke. Kisha changanya mililita 480 za peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, mililita 60 za siki na nusu kijiko kikubwa cha chumvi, upulize. Utaona povu, na rangi ya chungwa itaanza kujitokeza muda si mrefu. Acha ikauke juani, rudia mara tatu au nne mpaka iwe kahawia iliyokolea. Mchanganyiko uliobaki umwage na maji mengi. Usiufungie chupani, kwani hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Wala usiuchanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana siki na klorini hutoa gesi ya sumu.

Ukiridhika na rangi, suuza, kausha kabisa, lipashe kopo juani na ulisugue kwa kitambaa chenye nta ya nyuki kidogo. Kutu itatulia na haitapaka mikono. Vanishi sisi hatuipendi hapa: karibu na ukingo hupata joto na kunuka, tena inarudisha mng'ao uleule uliohangaika kuuondoa. Chini bandika duara la gamba la koki, lile la vizibo vya chupa, vinginevyo pete ya kahawia itabaki mezani.

SWALI: Nikitoboa kopo kwa msumari ili mwanga upenye, linabonyea.

JIBU: Ligandishe maji ndani. Jaza nusu kwanza, yakiganda ongeza mengine mpaka sentimita 2 chini ya ukingo. Ukijaza yote mara moja, barafu inayotanuka itakivimbisha kitako na kopo halitasimama. Chora matundu kwenye karatasi, izungushe kwenye kopo, lilaze juu ya taulo lililokunjwa, gonga msumari mpaka uingie kwenye barafu. Matundu yote yawe juu ya usawa wa nta. Kama unataka mchoro mpaka chini, usimimine nta koponi. Weka ndani yake mshumaa mdogo wenye kikombe chake.

SWALI: Watoto wana kalamu za nta zilizovunjika. Naweza kuzitumia kutia rangi? Na maua makavu juu je? (Mama Watoto)

JIBU: Mama, kalamu hizo zina unga wa rangi usioyeyuka, nao huziba utambi taratibu mpaka moto unakufa. Rangi za chakula nazo ni za maji, zitatuama chini. Nunua rangi ya mishumaa inayoyeyuka katika mafuta, na kidogo tu, maana mshumaa wa kikale unapendeza ukiwa na rangi ya nta yenyewe. Maua makavu, majani na vijiti vifunge nje kwa kamba ya katani, chini ya nusu ya kopo. Vikiwa juu ya nta huelea mpaka kwenye moto na kuwa utambi wa pili.

SWALI: Niwashe kopo moja mpaka lini?

JIBU: Zima kila baada ya saa nne, na acha kabisa nta ikibaki sentimita 1 chini. Hapo moto unapasha kitako cha bati moja kwa moja, na meza iliyo chini yake. Lisimamishe siku zote juu ya kigae au ubao mnene. Kulitumia tena, liweke kwenye maji ya moto mpaka nta iliyobaki ilegee, uimimine kupitia kitambaa ili uchuje masizi na vipande vya viberiti, kisha futa ndani kwa karatasi kavu. Nta usiimwage kwenye sinki, itaganda bombani. Na kabla ya kumimina upya, rudia lile jaribio la maji ya moto: mshono uliopashwa na kupoa mara nyingi hulegea.